Dhahabu ya Kilwa: Safari za Vasco da Gama na Ishara ya Msalaba

Utangulizi

Katika jumba la taifa la makumbusho ya sanaa za kale mjini Lisbon, Ureno, kimehifadhiwa chombo cha dhahabu ambacho yafaa kifahamike kwa kila asomaye historia ya Kanisa katika Afrika ya Mashariki. Chombo hicho ni monstransi, yaani chombo ambacho Kanisa Katoliki hukitumia kuwaonyesha waumini Sakramenti ya Mwili wa Bwana. Sanamu ndogo za mitume kumi na wawili zimekizunguka, wote wakiwa wamepiga magoti. Kwenye kitako chake yamechorwa maneno yanayoeleza kwamba Mfalme Manuel wa Kwanza aliagiza kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kazi hiyo ilikamilika mwaka 1506.

Kilwa inayotajwa hapo ni Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania. Aliyeitoza dhahabu hiyo na kuifikisha Lisbon ni Vasco da Gama, aliporudi kutoka safari yake ya pili mwaka 1503.

Vitabu vya shule vimezoea kutuambia kwamba Vasco da Gama alifungua njia ya bahari kwenda India. Makala hii inakusudia kuipima kauli hiyo kwa maswali mawili. Kwanza, ni njia ipi hasa aliyoifungua? Pili, ishara ya msalaba, iliyokuwa juu ya matanga yake na juu ya nguzo za mawe alizozisimika, ilifanya kazi gani katika safari hizo? Swali la pili latuhusu kwa namna ya pekee sisi tunaohubiri chini ya ishara hiyo hiyo, tukiwa majirani wa watu ambao mababu zao waliiona kwa mara ya kwanza pamoja na mizinga.

1. Sababu za safari

Katika karne ya 15 pilipili manga, mdalasini na viungo vingine kutoka Asia viliuzwa Ulaya kwa bei kubwa. Vilitoka pwani ya Malabar, vikapitia Bahari ya Sham na Misri, kisha wafanyabiashara wa Venice wakavisambaza Ulaya. Kila aliyevipokea njiani alichukua faida na kila mtawala alitoza ushuru. Wafalme wa Ureno walitamani kufika kwenye chanzo chenyewe kwa kuizunguka Afrika. Mwaka 1488 Bartolomeu Dias aliipita Rasi ya Tumaini Jema, na kwa hiyo ikathibitika kwamba jambo hilo lawezekana.

Lakini biashara haikuwa sababu pekee. Wareno waliamini kwamba mahali fulani mashariki palikuwa na mfalme Mkristo mwenye nguvu, Padre Yohane, ambaye angeungana nao dhidi ya Waislamu. Tena walikuwa na hati mkononi. Mwaka 1455 Papa Nikolao wa Tano, kwa waraka uitwao Romanus Pontifex, alimpa mfalme wa Ureno haki ya kuwashinda na kuwatiisha Waislamu na wapagani, kuzitwaa nchi zao na mali zao, na kuwatia utumwani. Mwaka 1494, kwa Mkataba wa Tordesillas, Ureno na Hispania ziligawana bahari na nchi ambazo hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezifikia. Watu wa nchi hizo hawakuulizwa.

Kwa hiyo msalaba mwekundu uliochorwa juu ya matanga ya merikebu za Wareno haukuwa pambo. Ulikuwa alama ya Chama cha Kristo, chama cha mashujaa wa vita kilichokuwa kimegharimia sehemu kubwa ya safari za awali. Tangu mwanzo imani, vita na biashara vilisafiri katika merikebu moja.

2. Kazi kubwa iliyofanyika katika Bahari ya Atlantiki

Vasco da Gama aling'oa nanga Lisbon tarehe 8 Julai 1497, akiwa na merikebu nne na watu wapatao 150 hadi 170. Yeye mwenyewe alikuwa katika São Gabriel. Ndugu yake, Paulo da Gama, aliongoza São Rafael. Nicolau Coelho aliongoza Berrio. Na ya nne ilibeba vyakula na vifaa.

Haki yatudai tuseme wazi kwamba sehemu ya kwanza ya safari hii ilikuwa kazi kubwa ya ubaharia. Badala ya kuifuata pwani ya Afrika ya Magharibi, ambako upepo na mkondo wa maji ungewapinga, mabaharia hao walielekea mbali katika Bahari ya Atlantiki, wakazunguka kama upinde mkubwa ili wapate upepo wa magharibi wa kuwarudisha kwenye ncha ya Afrika. Walikaa zaidi ya miezi mitatu bila kuona nchi kavu. Mwanzoni mwa Novemba 1497 waliiona pwani ya Afrika ya Kusini, na tarehe 22 mwezi huo wakaipita Rasi. Huko mbele waliivunja merikebu ya vyakula. Wakati wa Krismasi walikuwa wakipita pwani ambayo waliipa jina la Natal, yaani Kuzaliwa kwa Bwana, jina ambalo lingali katika ramani.

Mnamo Januari 1498, kwenye mlango wa mto karibu na Quelimane, wengi wao walishikwa na kiseyeye: fizi zilivimba, mikono na miguu ikajaa maji. Walipumzika hapo karibu mwezi mzima. Hapo ndipo ilipokoma bahari ambayo kweli waliifungua, kwa maana njia ile ya kutoka Ulaya hadi pwani hiyo haikuwahi kusafiriwa na merikebu yo yote kabla yao.

3. Bahari ambayo ilikuwa wazi

Waliposogea kaskazini hadi kisiwa cha Msumbiji, mwanzoni mwa Machi 1498, Wareno walikuta bandari yenye vyombo vilivyobeba dhahabu, fedha, lulu na viungo. Wenyeji walivaa nguo za kitani na pamba, na walizungumza juu ya India kama mtu azungumzavyo juu ya soko la jirani. Tangu hapo Wareno walikuwa wageni katika nyumba iliyokuwa na wenyewe kwa karne nyingi.

Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 na kuukuta mji wenye msikiti mkubwa na sultani aliyesifiwa kwa ukarimu. Kilwa ilipata utajiri wake kutokana na dhahabu ya Sofala, na ilipiga sarafu zake yenyewe. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, na majahazi makubwa ya Zheng He yalifika pwani hii katika miaka hiyo. Mabaharia wa Gujarati, Oman, Hadhramaut na Uswahilini walivuka kwa pepo za kaskazi na kusi, wakijua ni mwezi gani wa kutweka tanga na ni mwezi gani wa kungoja. Miji ilishindana, na mara nyingine ilipigana. Lakini bahari yenyewe haikuwa na mwenyewe. Aliyelipa ushuru wa bandari aliuza na kununua, awe Mwislamu, Mhindu au Myahudi.

Mwanzoni watu wa Msumbiji waliwadhania wageni hao kuwa Waislamu. Walipotambua kwamba sivyo, imani ikavunjika pande zote mbili, na Wareno waliondoka baada ya kuupiga mji kwa mizinga. Huko Mombasa, ambako walifika tarehe 7 Aprili, da Gama aliwashuku wenyeji kuwa na njama. Aliwatesa mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta ya moto mwilini ili waungame. Habari hiyo hatuipati kwa maadui zake. Imeandikwa katika kumbukumbu ya safari iliyotungwa na mmoja wa watu wake mwenyewe.

Malindi mambo yalikuwa tofauti. Walitia nanga tarehe 14 Aprili, mkesha wa Pasaka. Sultani wa Malindi, aliyekuwa na ushindani wa siku nyingi na Mombasa, aliona faida ya kupata rafiki mwenye mizinga. Aliwapa chakula, na zaidi ya yote aliwapa rubani. Kwa muda mrefu ilisemekana kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa mashuhuri wa elimu ya bahari kutoka Uarabuni. Wataalamu wengi sasa hawakubali hivyo, kwa kuwa vitabu vya kale vya Wareno vinasema alikuwa mtu wa Gujarati. Vitabu hivyo vinampa jina la Malemo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana: ni neno la Kiarabu mu'allim, ndilo mwalimu wetu, ambalo mabaharia walilitumia kumwita mwongoza chombo. Mtu anayesifiwa kwa kufungua njia alivushwa na mwalimu.

Waliondoka Malindi tarehe 24 Aprili wakiufuata upepo uliofaa, na tarehe 20 Mei 1498 wakatia nanga karibu na Calicut. Wakati wa kurudi da Gama aliondoka bila kungoja msimu. Uvukaji uliochukua chini ya mwezi mmoja wakati wa kwenda, sasa ulichukua karibu miezi mitatu, na watu wapatao 30 walikufa kwa kiseyeye. Mabaharia waliobaki hawakutosha merikebu tatu. Mnamo Januari 1499, karibu na Mtangata katika pwani ya Tanga, waliichoma moto São Rafael wenyewe. Paulo da Gama alifia katika visiwa vya Azores. Waliofika Lisbon mwaka huo walikuwa chini ya nusu ya walioondoka.

4. Wakristo na viungo

Yule Mreno wa kwanza aliyeshuka Calicut alikutana na Waislamu wawili kutoka Tunis waliojua lugha za Ulaya. Walipouliza wametafuta nini hata kufika mbali hivyo, jibu lilikuwa kwamba wametafuta Wakristo na viungo. Kwa jibu hilo fupi twaweza kuielewa safari nzima.

Wakristo waliwaona upesi mno. Waliingizwa katika hekalu la Kihindu, wakadhani ni kanisa, wakapiga magoti na kusali. Picha za ukutani zenye meno marefu na mikono mingi wakazidhania watakatifu. Viungo navyo havikupatikana kwa urahisi. Zawadi alizoziandaa da Gama kwa Samorin, mtawala wa Calicut, zilikuwa vitambaa 12, kofia, nyuzi chache za marijani, mabeseni 6 ya kunawia, sukari, mafuta na asali. Watumishi wa mfalme walicheka, wakasema kwamba hata mfanyabiashara maskini kuliko wote atokaye Makka hutoa zaidi ya hivyo.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa. Ulaya ya wakati ule haikuwa na bidhaa nyingi ambazo soko la Bahari ya Hindi lilizihitaji, isipokuwa dhahabu na fedha. Asiyekuwa na cha kuuza hana budi kuchagua kati ya mambo mawili: kujinyenyekeza na kujifunza biashara kidogo kidogo, au kutumia nguvu. Wareno walikuwa na mizinga iliyofungwa katika merikebu imara kuliko za wenyeji. Walichagua nguvu.

5. Safari ya pili: kodi ya Kilwa

Mwaka 1502 da Gama alirudi akiwa na kundi la merikebu 20. Mwezi Julai alitia nanga Kilwa. Amiri Ibrahim, aliyeutawala mji, aliambiwa achague: awe mtu wa mfalme wa Ureno na kulipa kodi kila mwaka, au mji uchomwe moto. Alilipa mithkali 1,500 za dhahabu, yaani zaidi ya kilo sita. Hapakuwa na deni, wala bidhaa iliyotolewa badala yake.

Miezi michache baadaye, karibu na pwani ya Malabar, aliikamata merikebu iitwayo Miri, iliyokuwa ikirudisha mahujaji kutoka Makka, na ndani yake mamia ya watu, wanawake na watoto wakiwamo. Abiria walitoa mali yao yote wakiomba uhai. Da Gama aliamuru wafungiwe ndani na merikebu itiwe moto. Waandishi wa Kireno wenyewe ndio wanaosimulia jinsi akina mama walivyowainua watoto wao wachanga ili waonewe huruma. Watoto wapatao ishirini walitolewa, wakabatizwa.

Mwaka 1505 Francisco de Almeida alikuja na kundi kubwa zaidi. Kilwa, ambayo ilikuwa imekawia kulipa kodi, ilitekwa tarehe 24 Julai. Simulizi inayohusishwa na Mjerumani aitwaye Hans Mayr, aliyekuwa katika safari hiyo, yaeleza kwamba mapadre Wafransisko walishuka pwani wakiwa na misalaba miwili, wakiimba wimbo wa kumsifu Mungu. Msalaba ukawekwa katika jumba la mtawala, jemadari akasali mbele yake, kisha watu wote wakaanza kuupora mji. Mwezi uliofuata Mombasa nayo iliporwa na kuchomwa moto.

Baada ya hapo kila chombo cha biashara kilitakiwa kuwa na hati ya Wareno. Kisichokuwa nayo kilinyang'anywa. Kilwa haikurudia tena fahari yake, na ngome waliyoijenga humo Wareno wenyewe waliiacha mwaka 1512. Kwa hiyo, tukiulizwa kama Vasco da Gama alifungua njia, jibu lafaa liwe na sehemu mbili. Katika Atlantiki alifungua. Katika Bahari ya Hindi aliikuta njia i wazi, naye akaanza kazi ya kuifunga.

6. Matokeo kwa ushuhuda wa Kanisa

Wakristo waliotafutwa walikuwapo kweli. Katika Malabar kulikuwa na Kanisa la kale lililojihesabu kuwa tunda la kazi ya Mtume Tomaso, na ambalo lilisali kwa lugha ya Kisiria. Mwaka 1502 wajumbe wake walimwendea da Gama wakiomba ulinzi. Lakini udugu huo haukudumu. Mwaka 1599, katika Sinodi ya Diamper, Wareno waliwalazimisha wafuate taratibu za Roma, na vitabu vyao vingi vikachomwa. Mwaka 1653 maelfu yao waliapa hadharani kwamba hawatawatii tena Wajesuiti. Wageni waliokuja kutafuta ndugu hawakuweza kuwapokea ndugu hao jinsi walivyokuwa.

Katika pwani yetu Wareno walijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa kuanzia mwaka 1593. Yusuf bin Hasan, mtoto wa mtawala wa Mombasa, alipelekwa Goa, akalelewa na watawa Waagustino, akabatizwa kwa jina la Jerónimo na kurudishwa kuwa mfalme. Mwaka 1631, baada ya kudharauliwa na wakuu wa ngome, alimwua jemadari, akarudia Uislamu, na kuwaua Wareno pamoja na Waafrika Wakristo waliokataa kuikana imani. Hao wa mwisho tusiwasahau. Waliipokea Injili katika mikono isiyo safi, lakini waliishika hata kufa.

Lugha nayo imetunza kumbukumbu yake. Kutoka kwa Wareno tulipata meza, bendera na mvinyo. Tulipata pia neno gereza, ambalo wataalamu wengi wa lugha wanalitoa katika neno la Kireno igreja, lenye maana ya kanisa. Kwa kuwa kanisa lilikuwa ndani ya ngome, jina likahamia kwenye ngome, na ngome ikawa mahali pa kufungia watu. Hata leo ngome ya kale ya Kilwa Kisiwani inaitwa Gereza. Watu wa pwani hawakuandika kitabu cha theolojia juu ya Wareno. Neno hili moja latosha.

Hitimisho

Vasco da Gama alifariki huko Cochin tarehe 24 Desemba 1524, akiwa mwakilishi wa mfalme. Kaburi lake liko katika kanisa la monasteri ya Jerónimos huko Belém, iliyojengwa kwa ushuru wa biashara hiyo ya viungo. Ni monasteri hiyo ambayo Mfalme Manuel aliirithisha chombo kile cha dhahabu ya Kilwa.

Tungeweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Ureno na ya Roma, wala hayatuhusu sisi Walutheri. Historia haituruhusu. Mwaka 1497 Luther alikuwa mtoto wa miaka 13. Hapakuwa bado na Walutheri, lakini Wajerumani walikuwapo. Matajiri wa Augsburg na Nuremberg, wakiwamo Welser na Fugger, walitoa fedha kwa ajili ya merikebu za mwaka 1505. Mwaka 1524, mwaka ule ule aliokufa da Gama, Luther alichapisha maandiko yake juu ya biashara na riba, na humo aliishutumu biashara iliyoleta hariri na viungo kutoka Calicut na India. Alisema kweli kwamba ilikuwa ya anasa na ilinyonya fedha za nchi yake. Lakini katika shutuma hiyo aliutazama mfuko wa Mjerumani aliyenunua pilipili. Mtu wa Kilwa aliyetozwa dhahabu hakumtaja.

Tarehe 30 Machi 2023 ofisi za Vatikani zilitangaza kwamba Kanisa Katoliki linayakataa mawazo yaliyozipa haki za namna ile nguvu za waraka wa Papa. Ni jambo jema, ingawa limekuja baada ya zaidi ya miaka 500. Kwetu sisi linabaki swali ambalo tangazo haliwezi kulijibu. Mitume wale kumi na wawili wa dhahabu wangali wamepiga magoti, na mchoraji aliwafanya kwa uzuri mkubwa. Lakini nabii Amosi alikwisha kutufundisha kwamba Bwana huziangalia mizani za mfanyabiashara kabla ya kuzisikiliza nyimbo za hekalu. Kanisa linalopokea sadaka halina budi kuuliza imetoka wapi, na linalopeleka Injili halina budi kuangalia ni nini kingine kilichopakiwa katika chombo hicho hicho.

Mchungaji anayehubiri leo Kilwa, Lindi au Mombasa hawezi kuyafuta yaliyotendeka. Aweza kuyajua, na kuyasema bila kujitetea anapoketi barazani na jirani yake Mwislamu. Jirani huyo, kwa kuuita mji wake na ngome yake kwa majina ya kale, ameyakumbuka siku zote.